Ukuta wa Shukhov na ukuta wa ami yangu: mfungwa akijenga vizuri, ameulinda utu wake au ameuuza?

fundi_mkomani (Lamu), Alhamisi saa 3 usiku

Asalaam alaikum jamaa. Mimi ni mwashi hapa Lamu, kazi niliyoirithi kwa baba na ami, na mwaka huu natimiza miaka 34 nikishika mwiko. Kusoma vitabu si ada yangu. Lakini mwezi uliopita nilikuwa natengeneza daka, ukumbi wa mlangoni, la nyumba ya kale huku mtaani Mkomani, na mwenye nyumba alikuwa akiniona kila mchana nimekaa kivulini nangoja chokaa ishike. Akaniletea kitabu chembamba cha Kiingereza. "Fundi," akanambia, "humu ndani mna ukuta." Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza kamusi ilikuwa mapajani.

Kinaitwa Siku Moja katika Maisha ya Ivan Denisovich, cha Mrusi Aleksandr Solzhenitsyn, ambaye mwenyewe alifungwa miaka 8 na akafanya kazi ya uashi kifungoni. Kinasimulia siku moja tu, tangu kipande cha reli kipigwe nyundo alfajiri kuwaamsha wafungwa hadi wanapolala. Mfungwa ni Shukhov, mtu wa kijijini. Vitani alitekwa na Wajerumani, akatoroka, akarudi kwa watu wake, nao wakasema ametumwa kupeleleza. Akatia sahihi kukiri, kwa sababu aliona asipotia anazikwa. Miaka 10. Kambini yeye ni Shch-854, namba imechorwa kofiani, kifuani, gotini na mgongoni.

Sasa ukuta. Wanajenga kituo cha umeme, wako orofa ya pili, na alfajiri baridi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Maji na mchanga hupashwa moto kwanza, udongo unapandishwa juu ukifuka mvuke, na ukichelewa kuupiga mwiko unaganda. Matofali ya ukuta yana barafu, sharti ikwanguliwe kwa shoka. Shukhov anapokea sehemu iliyoanzwa na mwashi mwingine asiyemjua, kazi mbovu. Anaitazama. Anaona hapa pameingia ndani, na kwa mstari mmoja wa tofali hapatanyooka: itabidi mistari mitatu, na kila mstari udongo uzidishwe kidogo.

Jamani, hapo nilikiweka kitabu chini. Hilo ndilo jambo ninalolifanya kila wiki kwenye kuta za matumbawe za mababu zetu, na sijapata kuliona limeandikwa popote. Kosa la fundi aliyetangulia hulimalizi kwa pigo moja. Ukilazimisha, ukuta unafanya tumbo.

Kisha reli inapigwa, kazi basi. Udongo umebaki. Tyurin, mkuu wa kikosi, anasema umwagwe nje ya ukuta. Shukhov haukubali moyo wake. Anabaki yeye na kiziwi mmoja, Senka, wanatandika mbio mbio, na huku chini askari wanawahesabu watu, na anayechelewa anaweza kuishia selo ya adhabu. Anamaliza. Badala ya kukimbia, anarudi kutazama. Anaupitisha jicho kushoto, kulia. Umenyooka. Anajisemea kwamba mkono bado haujazeeka.

Swali langu ni hili, na linaniuma. Ami yangu, mdogo wa baba, alifungwa miezi 18 mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kesi ya boriti za mikoko zilizokatwa bila kibali. Boriti hazikuwa zake, alizinunua ufuoni kama wote tulivyokuwa tukinunua. Jela yenyewe siitaji. Walipojua ni mwashi wakampa ukuta wa kuzunguka ua, yeye na wafungwa wanne wa kumsaidia. Aliporudi, baba alimuuliza barazani mbele ya watu: aliujengaje? Ami akasema, "Kwa timazi." Baba alisimama. "Wakufunga bure, nawe wawajengea ukuta uliosimama wima? Ungewajengea uanguke kwa mvua ya kwanza!" Ami hakujibu. Karibu mwaka mzima hawakusemezana, ingawa kazini walikuwa pamoja, jukwaa moja la boriti. Mimi nilikuwa na miaka 7 au 8, na ndiye niliyekuwa nikipelekwa katikati yao. Baba asema umpe ami kamba. Ami asema mwambie hana haja nayo.

Wote wawili wametangulia, Mungu awarehemu. Shukhov amenirudishia ugomvi wao kifuani. Nyinyi mnaozijua hizi fasihi za Warusi, nambieni: mtu akiwajengea waliomfunga ukuta ulionyooka, huo ni utu wake ameulinda, au ndio ameuuza?

mwalimu_mstaafu (Malindi), Alhamisi saa 5 usiku

Wa alaikum salaam, fundi. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunieleza ile mistari mitatu ya tofali kama ulivyoieleza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiipita.

Nianze na neno lako. Mwiko kwetu ni chombo cha mwashi, ni cha kusongea ugali, na tena ni jambo ambalo mtu halifanyi hata iweje. Shukhov anavyo vyote. Mwiko wa uashi, mwepesi, mzuri mkononi, ameuficha, haurudishi stoo pamoja na vingine. Kijiko amekisubu mwenyewe kwa waya wa alumini kwenye mchanga, hukitia ndani ya buti asitengane nacho. Na miiko anayo: hali na kofia kichwani. Samaki anamla na mifupa, mapezi na mkia, lakini jicho lililotoka na kuelea peke yake mchuzini haligusi, na wenzake humcheka. Mkuu wake wa kikosi wa zamani, Kuzyomin, ndiye aliyemfunza, kwamba kambini wanaokwisha ni hawa: anayelamba bakuli za wenzake, anayetegemea zahanati, na anayekwenda kuwachongea wenzake kwa wakubwa.

Halafu mtazame yule mzee Yu-81, anayetokea karibu na mwisho wa kitabu. Amefungwa miaka isiyohesabika, meno hana. Wote kwenye bwalo wamejikunja juu ya bakuli, yeye mgongo wake umenyooka, kijiko ndicho kinachopanda mdomoni. Mkate wake hauweki kwenye meza chafu kama wengine. Anauweka juu ya kitambaa kilichofuliwa. Hasemi neno lolote katika kitabu kizima. Ami yako namwona karibu na mzee yule, nakwambia kwa moyo wangu wote.

Ila nikikuacha hapo nitakuwa nimekudanganya. Kuna Varlam Shalamov, aliyepelekwa Kolyma mwaka 1937 kuchimba dhahabu, na hakutoka huko mpaka 1953. Kitabu cha Ivan Denisovich kilipotoka mwaka 1962, alimwandikia Solzhenitsyn barua ya kukisifu, na ndani ya sifa akaweka mwiba. Paka anazunguka karibu na zahanati? Kambi ya kweli paka huyo angekuwa ameliwa zamani. Kijiko? Cha nini, na supu na uji wenyewe ni wa kunywa ukingoni mwa bakuli? Kwa Shalamov, mtu akishindishwa njaa kwelikweli, miiko yote inamtoka, na haichukui muda. Aliona maandishi kwenye malango ya kambi kwamba kazi ni jambo la heshima na ushujaa, na baada ya hapo hakuweza kumsikia mtu akimsifia mfungwa kazi. Alilojivunia ni kwamba hakukubali kuwa nyapara, kwa sababu nyapara ndiye anayewasukuma wenzake kaburini.

Na kabla yao wote, Fyodor Dostoevsky, aliyekaa na minyororo miguuni huko Omsk, Siberia, tangu 1850 hadi 1854. Yeye aliandika kwamba ukitaka kumvunja mtu kabisa, mpe kazi isiyo na maana: amimine maji kutoka pipa hili hadi lile, kisha ayarudishe. Ahamishe rundo la udongo, kisha alirudishe lilipokuwa. Siku chache tu atajinyonga. Ukuta una maana, fundi. Ndiyo maana Shukhov aliweza kuushika.

mzao_wa_tana, Ijumaa saa 2 asubuhi

Hodi wazee wangu. Mimi nimezaliwa Hola, kazi yangu iko Malindi, na nawaomba radhi maana nitakwenda kinyume.

Kwetu Hola palikuwa na kambi ya wafungwa wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 watu 88 walitolewa kwenda kuchimba. Hawakutaka kufanya kazi ya wafungwa, kwa sababu hakuna mahakama iliyowahukumu. Wakapigwa marungu, 11 wakafa. Serikali ya mkoloni ikasema kwanza kwamba wamekufa kwa maji waliyokunywa kwenye gari la maji. Habari hii nimekua nayo. Ukipita Hola leo unaona mashamba ya kunyweshea, na mimi siwezi kuona mfereji nikafikiria maji peke yake.

Sasa mwalimu, ile kazi haikuwa ya kumimina maji pipa hadi pipa. Mfereji una maana, unalisha watu. Na bado walikataa, wakafa kwa kukataa. Kwao utu ulikuwa kutolishika jembe. Kwa hiyo mimi nasimama na marehemu baba wa fundi. Ukuta wa jela ukinyooka, unafunga vizuri zaidi.

Tena tusimsahau nani anakula kwa ajili ya ukuta ule. Kikosi cha Shukhov mkate wake unatokana na hesabu ya kazi ya wote. Ukizembea wewe, mwenzako analala njaa, na hapo kila mfungwa amekuwa nyapara wa jirani yake bila kulipwa. Kambi imejipatia wasimamizi wa bure. Solzhenitsyn analiona hilo na kulisema wazi. Mtu wangu katika kitabu kile ni Buinovsky, nahodha wa manowari, anayesimama asubuhi kwenye baridi ile askari wanapowafungua nguo kuwakagua, akawaambia usoni kwamba hawana haki hiyo na akawatajia kifungu cha sheria. Siku 10 za selo ya baridi. Jioni wanakuja kumchukua.

Fundi, hata kwenu ng'ambo ya pili, kisiwani Manda, palikuwa na kambi ya kizuizini miaka hiyo. Mwandishi Gakaara wa Wanjau aliwekwa pale, na shajara yake aliiandika kwa siri. Huyo naye alikuwa na mwiko wake, na haukujenga ukuta wa mtu.

kijana_langoni, Ijumaa saa 4 asubuhi

Kitabu ni kirefu? Nasoma kidato cha nne, natamani kukisoma lakini mitihani iko karibu.

mwalimu_mstaafu (Malindi), Ijumaa saa 4:20 asubuhi

Kifupi, mwanangu. Siku mbili za kusoma jioni. Fanya mitihani kwanza.

bi_shela, Ijumaa saa 9 alasiri

Salaam kwenu. Nimesoma yote, na nimeona wanaume tupu na kuta zao. Nami niseme.

Kwa miaka 6 nilikuwa nikiingia jela ya wanawake siku za Jumanne kuwafundisha kusoma na kuandika. Mahali sipataji. Nilikuta mle bibi mmoja wa visiwani huku, hajui kusoma hata herufi, lakini Utendi wa Mwana Kupona anao wote kichwani, alivyofunzwa na nyanyake. Ule utendi wa mwaka 1858, mama mgonjwa anamuusia bintiye. Alikuwa akiusoma kwa sauti ya chini wakati wa kuosha masufuria. Masufuria yale ni makubwa, mtu anaingia nusu mwili, na sauti ilikuwa ikitoka ndani ya sufuria. Wasichana wa bara wasiojua hata neno moja la Kiamu, Kiswahili cha Lamu, wakawa wanaitikia beti. Mmoja aliachiliwa akaniambia mlangoni, "Bi, nimetoka na kitu." Akanisomea beti nne pale pale, na lango limefunguliwa, askari anangoja.

Ndipo niliposoma Yevgenia Ginzburg, mwalimu mwenzangu, Mrusi, aliyekamatwa 1937, nikalia. Wanawake wamerundikwa ndani ya behewa la mizigo kupelekwa mashariki, maji wanapimiwa kikombe, na yeye anawasomea mashairi kwa moyo. Askari wakasikia, wakaingia kwa nguvu wakitafuta kitabu kilichofichwa. Hakuna kitabu. Wakamwambia haya, kama kweli unajua kwa moyo, soma mfululizo. Akawasomea Pushkin. Akaendelea, na walinzi wamesimama wanasikiliza, mpaka wenyewe wakasadiki. Hapa kwetu Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 na mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Tunaambiwa sana habari ya karatasi ile. Mimi huwaza zaidi juu ya kichwa kilichokuwa kikipanga vina na mizani gizani kabla ya karatasi kupatikana.

Mwanangu wa Tana, waliokufa Hola ni watu wangu pia, sitawapinga kamwe. Lakini si kila aliyebaki hai aliuza kitu.

Na wewe fundi, kuna jambo umelitaja ukalipita upesi. Ulisema wafungwa wanne walikuwa wakimsaidia ami yako. Ikawaje juu yao? Je, mke wa ami yako yu hai? Nenda kamuulize.

fundi_mkomani (Lamu), Jumapili saa 2 usiku

Bi, nimekwenda. Jana baada ya alasiri nilikwenda Langoni kwa mke wa ami, nikamkuta anachambua mchele. Nilimweleza kuhusu Shukhov. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo Mrusi alirudi kwa mkewe. Nikamwambia kitabu hakifiki huko, ni siku moja tu, na kwamba alikuwa amemkataza mkewe kumletea vifurushi ili watoto wasipungukiwe. Akasema, "Basi ni mtu mzima huyo."

Wale wanne, kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa fundi. Ami aliwafunza. Timazi walilifanya kwa uzi wa gunia na kipande cha chuma cha bawaba. Pimamaji hawakuwa nayo, ikawa wanatumia chupa ya dawa iliyojaa maji na kuachwa pumzi kidogo. Mmoja, wa kutoka upande wa Witu, baada ya kutoka alikuja mpaka Lamu na kikapu cha maembe, na tangu hapo alijenga kwa watu, si kwa serikali. Nyumba mbili za jirani na kwa mke wa ami amezijenga yeye. Nimezipita maisha yangu yote.

Nikamuuliza lile la baba. Akanyamaza, akaendelea na mchele. Halafu akanambia kitu ambacho ami hakukisema barazani, kwa sababu, kwa maneno yake, "ndugu hajibiwi mbele ya watu." Upande wa ndani wa ukuta ule, chini yake palepale, ndipo walipokuwa wakilazwa wafungwa wakati wa joto, wakitandikiwa mikeka nje. Ukuta ungeanguka kwa mvua ya kwanza, ungewaangukia wao. Askari walilala upande mwingine.

Mzao wa Tana, ndugu yangu, sikujibu kwa hili. Nimefikiri sana juu ya watu wako 11, na naona baba yangu alikuwa akisema kama wao, ingawa yeye hakufungwa. Ukuta ule upo mpaka leo na bado unafunga watu. Sina la kulisema juu ya hapo. Ninachojua ni kwamba baba hakuwahi kuambiwa habari ya mikeka. Alikufa akidhani mdogo wake aliwapendeza askari.

Mke wa ami alinitolea mwiko wake wa kazi, ule wa mwisho. Umelika mpaka umekuwa kama jani la mwarobaini, mpini ameubadilisha kwa mti wa mkoko na kuufunga kwa waya. Ukiushika unaona upande mmoja umelika zaidi. Ami alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimesahau.

Mwalimu, nataka kumsoma huyo Shalamov. Nianze na ipi?

mwalimu_mstaafu (Malindi), Jumapili saa 3 usiku

Nimeisoma ile habari ya mikeka nikamwita mke wangu aje asome.

Anza na hadithi ya mwanamume anayetoka karibu na kifo. Maneno aliyobakiwa nayo kichwani hayazidi 20 hivi: amka, koleo, chakula, baridi, basi. Hisia nazo zimekauka, iliyobaki ni hasira. Zinamrudia moja moja, na huruma kwa wanyama inamfikia kabla ya huruma kwa watu, mpaka anamzuia mwenzake asimpige risasi ndege aliyetua. Siku moja neno la zamani linamtoka mdomoni, neno zito la kisomi, wala hajui maana yake. Analipiga ukelele porini, anaogopa lisimtoroke tena. Maana inakuja baada ya wiki. Shalamov ndiye aliyesema kambi haimfunzi mtu lolote jema, na bado hilo neno aliliandika.

Nina nakala ya Kiingereza. Nitampa kondakta wa basi la asubuhi la Jumatano, nitaifunga kwa gazeti na kuandika jina la kazi yako.

fundi_mkomani (Lamu), Jumapili saa 3:15 usiku

Nitavuka Mokowe mwenyewe kuipokea. Jumatano sina chokaa ya kungoja, kazi ya daka imekwisha. Nikimaliza nitampelekea bi_shela, kisha mzao wa Tana. Kijana wa Langoni atakuwa wa mwisho, baada ya mitihani.